Stering Hafi

Kwenye vibanda vya video vya Kondele na Manyatta sheria ilikuwa moja na haikuandikwa popote: stering hafi. Ukichelewa kuingia, swali la kwanza unalomnong'oneza jirani si hadithi imefika wapi, ni stering ni nani. Ukishamjua huyo unatulia. Atapigwa, atatupwa mtoni, jengo litamwangukia, lakini dakika za mwisho atatokea na shati lililochanika na kumaliza kazi. Tulikua tukiongea na skrini. DJ Afro alikuwa anatufanyia muvi za watu wa mbali kwa Kiswahili chetu cha mtaani, na sisi tukawa tunamjibu yeye na stering wake kwa pamoja.

Ndiyo maana Heroin Bob alipokufa karibu na mwisho wa SLC Punk!, jamaa wa bodaboda aliyekaa kando yangu hakushtuka hata kidogo. "Huyo hakuwa stering," alisema. "Stering ni yule wa nywele za bluu." Tukapumzika, tukanywa chai, tukaweka sehemu ya pili. Haikuchukua muda, Bob yule yule maiti akawa anatuhutubia kutoka kuzimu, mchangamfu kuliko alivyokuwa hai. Chumba kikalipuka. Jamaa wa boda akasimama, akajipigia makofi kwa kosa lake mwenyewe: "Basi nimekubali! Stering ni Bob! Si nilisema stering hafi?"

Nimesoma malalamiko mengi ya mashabiki wa Marekani kuhusu filamu hii ya pili, na sauti ya Bob ni mojawapo ya mambo yaliyowaudhi sana. Marehemu anawezaje kusimulia? Sisi tulikuwa saba ndani ya nyumba ya kupanga Nyalenda, mvua ya Aprili inapiga mabati mpaka tukalazimika kuongeza sauti, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo. Tuliuliza mengine. Nataka kuandika juu ya hayo mengine, kwa sababu tangu usiku ule siamini tena kwamba filamu mbaya ni mbaya kwa namna moja kila mahali.

Mwenye projekta ni rafiki yangu anayepiga gitaa la besi kwenye bendi ambayo bado haina jina la kudumu. Ndiye alitulazimisha. Katika miji yetu "panki" ni kwanza mtindo wa kinyozi, ile ya kunyoa pembeni na kuacha mstari katikati kama jogoo, na mimi mwenyewe nilinyolewa hivyo darasa la sita nikachapwa kesho yake. Yeye alitaka tuone kwamba kabla ya kuwa picha kwenye ukuta wa kinyozi, panki ilikuwa muziki na namna ya kukataa. Akaweka shuka jeupe ukutani. Akatuonya kwamba tukianza kuongea kama tuko kwa video atazima. Hakuzima.

Kwa asiyeijua, filamu ya kwanza iliandikwa na kuongozwa na James Merendino, na ilionyeshwa tamasha la Sundance mwaka 1999. Hadithi yenyewe iko Salt Lake City, Utah, mwaka 1985, mji wa Wamormoni, mji wa watu wenye adabu na suti zilizopigwa pasi. Stevo, anayeigizwa na Matthew Lillard, ana nywele za bluu na maneno mengi. Rafiki yake Bob, Michael Goorjian, anaitwa Heroin Bob kwa kejeli: anaogopa sindano kama mtoto na hagusi dawa za kulevya, ingawa pombe na sigara ni mwiko aliousahau. Wanapigana, wanakunywa, wanatukana serikali. Mwishoni Bob anaumwa kichwa kwenye sherehe, anameza vidonge asivyovijua juu ya pombe, na hapo ndipo anapoishia. Stevo anaomboleza, ananyoa nywele, anavaa suti, na anatuambia kwamba anaenda Harvard kusomea sheria kama baba yake alivyotaka.

Stevo anasimulia mwenyewe akiitazama kamera, na hilo lilitufurahisha mara moja. Hakukuwa na haja ya DJ Afro, stering alikuwa amejitafsiria.

Tulicheka sana mwanzoni, na kwa mambo ambayo pengine Merendino hakuyakusudia. Nyanya ya mwenyeji wetu, ambaye sote tunamwita Dani, alikuwa amekuja kutoka Seme kwa kliniki ya macho. Walikuwa wamemtoa mtoto wa jicho mwezi uliopita na sasa alikuwa anaona kila kitu na kukisemea. Alipotafsiriwa kwamba mji huo uko kando ya ziwa la chumvi, aliuliza wanavua nini. Mjukuu akatafuta kwenye simu, akamjibu kwamba ni uduvi wadogo wadogo tu, samaki hawaishi humo. "Yawa," alisema Dani, na kuanzia hapo akawahurumia watu wote wa ile filamu. Kijana asiye na ziwa lenye samaki, kwake, ana sababu ya kutosha ya kupaka nywele bluu. Na Stevo na wenzake walipovuka mpaka wa jimbo kwenda Wyoming kununua bia yenye nguvu, kwa kuwa ya Utah ilikuwa maji kwa amri ya sheria, hatukuhitaji maelezo yoyote. Sisi ni watu wa kanda ya ziwa, Busia tunaijua.

Halafu ikafika hotuba ya mwisho. Stevo akaeleza kwamba atauvuruga mfumo vizuri zaidi akiwa ndani yake kuliko akiwa nje. Kabla hajamaliza mtu nyuma akapiga kelele: "Handisheki!"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Mtu wa Kisumu hawezi kusikia hoja hiyo kama wazo la kijana wa Utah. Ameisikia Machi 9, 2018, kwenye ngazi za Harambee House, Raila na Uhuru wakishikana mikono wakati ambapo familia za hapa Nyalenda na Manyatta zilikuwa bado na majeraha ya uchaguzi wa 2017. Ameisikia tena Julai 2024, wakubwa wa ODM walipoteuliwa kwenye baraza la mawaziri la Ruto, mwezi mmoja tu baada ya vijana kuingia Bungeni Juni 25. Kila mara maneno ni yale yale: tutabadilisha mambo tukiwa ndani. Kwa hiyo Stevo alipoaga na suti yake, nusu ya chumba ilishamhukumu. Msaliti. Kumbe hata wewe.

Ni hukumu ile ile waliyonayo mashabiki wengi wa kwao, kwamba amejiuza, ingawa wengine wamemsamehe kwa kuwa na wao walikua, wakapata kazi na watoto na bima. Wamarekani wamebishana juu ya kichwa kile kilichonyolewa miaka ishirini na zaidi.

Dani hakuona msaliti. Mjukuu alipomaliza kumtafsiria alikuwa ametazama kichwa tu, hakusikiliza hotuba. "Amenyolewa," alisema. "Basi amezika."

Nieleze kwa wasomaji wasio wa upande huu. Baada ya mazishi ya Kijaluo, kwa wanaofuata mila, jamaa wa marehemu hunyolewa nywele. Huitwa liedo. Nywele ulizokuwa nazo mtu wako akifa ni nywele za wakati wake, huendi nazo mbele. Siku hizi wengi hunyoa kidogo tu pembeni kama ishara, au hawanyoi kabisa kwa sababu ya kanisa, lakini macho ya mtu wa rika la Dani bado yanasoma kichwa kipya kwa namna hiyo kwanza. Na ukirudi kwenye filamu utaona yuko sahihi kuliko sisi. Stevo hanyoi kwa ajili ya Harvard. Ananyoa kwa ajili ya mazishi ya Bob, Harvard inafuata. Sisi tulichanganya mpangilio kwa sababu tulikuwa na hamu ya kumpata msaliti.

Hapo palitokea jambo ambalo nisingeliandika kama nisingepewa ruhusa. Mmoja wetu usiku ule alikuwa na rasta kwa miaka sita, mpaka mgongoni. Julai 2024 alinyoa, na muda si mrefu akapata kazi ya ofisi, shati la mikono mirefu na kitambulisho shingoni. Tukamwita Mheshimiwa. Jina hilo nililianzisha mimi, nasema ili mjue. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa namsalimia hivyo na yeye anaitikia, anacheka. Dani aliposema "amezika", Mheshimiwa hakucheka. Akasema polepole, kama mtu anayetaja ratiba ya mabasi: "Tulizika Ijumaa. Nilinyoa Jumatatu." Alikuwa na rafiki wa tangu shule aliyefariki wiki ile ya maandamano. Mimi nilijua kuhusu mazishi hayo. Nilituma mchango, shilingi mia tano, kwa simu. Sikuwahi kuweka tarehe mbili pamoja.

Hakuna aliyemjibu. Mwenye projekta akasema tuweke chai. Ndiyo chai niliyoitaja mwanzo.

Nywele za mpiganaji zikinyolewa, watu hubishana, na hilo halijaanza na Stevo. Mnakumbuka Aprili 2022, Field Marshal Muthoni wa Kirima aliponyolewa rasta alizokuwa nazo tangu msituni, na aliyeshika mkasi akiwa Mama Ngina Kenyatta. Nchi iligawanyika. Kuna walioona mama mzee amepumzika hatimaye, na kuna walioona ukoo wa ikulu umejichukulia hata nywele za Mau Mau. Muthoni alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2024 Lord Spikeheart, yule wa kundi la Duma aliyetoka kwenye metali ya Nairobi na kurekodi na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, alitoa albamu inayoitwa The Adept na kuikumbuka damu hiyo, kwa kuwa yeye ni kitukuu wa Muthoni. Ukisikiliza zile kelele huku unajua ni za kitukuu wa nani, huwezi tena kusema vijana wetu wanaiga tu Wazungu. Ninaitaja hapa kwa sababu hiyo ndiyo hadithi ambayo sehemu ya pili ya SLC Punk ilitaka kusimulia: aliyezaliwa baada ya vita anarithi nini. Spikeheart ameisimulia vizuri zaidi bila kamera.

Sasa hiyo sehemu ya pili. Inaitwa Punk's Dead, ilitoka mwaka 2016, na Merendino ndiye aliyeiongoza tena. Sehemu ya pesa ilitoka kwa mashabiki wenyewe waliochangishwa kwenye intaneti, na hilo linaeleza ukali wa hasira yao, maana aliyechanga harambee anajiona ana haki ya kupanga menyu. Walitaka kurudishiwa mwaka 1985. Wakapewa mvulana anayeitwa Ross.

Ross, anayeigizwa na Ben Schnetzer, ni mtoto wa Bob na Trish. Baba alikufa mama akiwa mjamzito. Amelelewa na mama kwenye duka lake la vitu vya ajabu, pamoja na marafiki wachache wa zamani wa Bob wanaomsaidia kama wajomba. Hanywi, havuti, amevaa nyeusi, anachora, anamdharau kila mtu kwa upole. Msichana anamuumiza moyo, basi anapanda gari na wenzake wawili, Crash na Penny, kwenda tamasha kubwa la panki, na njiani anaonja kila alichokuwa amekikataa. Mama na wale wajomba wanamfuata. Bob, kutoka huko aliko, anasimulia.

Nianze na kilichotufaa. Kwamba marehemu anamwangalia mwanawe na kumsemea halikuwa jambo la kubishaniwa Nyalenda. Watu wa kwetu hupewa nying juogi, jina la aliyetangulia, na mara nyingi ni yeye mwenyewe anayekuja ndotoni kulidai. Mtoto analia usiku, majina yanatajwa moja moja, likitajwa lililo lake ananyamaza. Hata vijana wasioamini lolote katika hayo wanayo majina hayo kwenye vitambulisho vyao. Mwaka huo huo wa 2016 Mbithi Masya alitoa Kati Kati, filamu ya Kenya ambayo wahusika wake wote wamekufa na wanaishi kwenye hoteli ya nyikani, wakisubiri wasichokijua. Ilipata tuzo ya wahakiki huko Toronto, na sijawahi kumsikia Mkenya akiuliza inawezekanaje wazungumze. Kwa hiyo mahali ambapo mtazamaji wa Marekani alikatika na filamu, sisi ndipo tulipoingia. Dani aliuliza tu kama mtoto ana jina la baba. Tulipomwambia hapana, anaitwa Ross, alitikisa kichwa: "Ndiyo maana hatulii."

Na kilichokuwa kibaya? Kingi. Filamu ni fupi na bado inajaza muda. Panki ya sehemu ya kwanza ilinuka jasho. Hii ya pili inaonekana imetoka dukani asubuhi hiyo, kila pini imenyooka. Wale wajomba watatu waliorudi, kina Devon Sawa, wamepewa vichekesho badala ya historia, na ni watu waliomjua marehemu, wangeweza kusema kitu. Trish amebadilishwa mwigizaji na pia amebadilishwa roho, wa kwanza ungemfuata popote, wa pili yuko pale kupiga simu na kuwa na wasiwasi. Aliyetuamsha ni Crash, anayeigizwa na Machine Gun Kelly, wakati huo bado rapa tu. Miaka minne baadaye akatoa albamu ya pop-panki ikafika namba moja Marekani, na watu wakaanza tena kugombana kama yeye ni panki wa kweli. Kwenye filamu hii alikuwa anafanya mazoezi na hakuna aliyejua.

Dani alilala katikati. Aliamka kwenye tamasha.

Ross anaingia kwenye ule umati mbele ya jukwaa, watu wanasukumana, wanarushana, wanagongana mabega, vumbi na jasho. Kwa mashabiki wa zamani hii ilikuwa ni kuiga: mtoto anafanya bila maana waliyoyafanya wao kwa maana. Jamaa wa boda aliona kingine. Alishika goti langu. "Omera, hiyo si ni tero buru?"

Nilikubaliana naye papo hapo na bado nakubaliana. Tero buru ni siku ya kukifukuza kifo. Wanaume wanakimbia na ng'ombe hadi mbali na boma, matawi mkononi, filimbi, rungu, vumbi juu, wanaimba, wanapigana vita vya mchezo na adui asiyeonekana, halafu wanarudi. Ukiiona kwa mara ya kwanza hujui kama watu wana huzuni au wana fujo, na jibu ni vyote viwili. Oktoba 2025, Raila alipoletwa Kisumu na kisha Bondo, mliiona barabarani, hata nyinyi mlio Nairobi mliiona kwenye simu. Sasa mtazame Ross kwa jicho hilo. Baba alikufa kabla yeye hajazaliwa. Hakumlilia, hakuwahi kupewa nafasi. Anafika mahali ambapo watu wa baba yake wanapiga vumbi na kupiga kelele, na anajitupa ndani. Hajakuja kujifunza ulevi. Amekuja kumzika mtu, kwa kuchelewa miaka yote ya maisha yake. Nikiisoma filamu hivyo inapata uti wa mgongo ambao mwongozaji hakuuona, na hata ule ujinga wa kuonja kila kitu njiani unaanza kufanana na tunavyofanya wengi wetu kwenye matanga, usiku wa diski, tukiwa hatujui mikono tuiweke wapi.

Lakini Dani alitukatalia. Alikasirika kidogo hata. Tero buru, alisema, ni ya mwanamume mwenye dala, mwenye boma lake na wajukuu. Kijana aliyekufa kwenye sherehe ya watu, bila nyumba, bila mke aliyetolewa ng'ombe, hafanyiwi. Anazikwa kimya na watu wanarudi kazini. "Msiwachezee," alisema, na sikuelewa kama alimaanisha wafu au mila.

Nimelifikiria pingamizi hilo kuliko jambo lolote nililosoma kuhusu filamu hizi mbili. Kwa kipimo cha mila Dani ana haki, na jamaa wa boda alijua, alinyamaza. Ila tazama linatuacha wapi. Aliyekufa mdogo hana ng'ombe wa kukimbizwa. Amekufa kabla ya kujenga, kwa hiyo hakuna mpaka wa boma wa kukifukuzia kifo. Waliozikwa baada ya Juni 2024 wengi wao ni wa umri wa Bob. Juni 25, 2025, vijana waliporudi barabarani kuwakumbuka, wapo waliosema sehemu ya pili haina nguvu ya sehemu ya kwanza, kwamba mwaka wa kwanza kulikuwa na muziki na vichekesho na safari hii watu walibeba maua na majina. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu hapa Kondele, yakisemwa na mtu aliyesimama dukani na soda mkononi kana kwamba ametoka sinema. Na tulipotazama filamu hii sisi nasi tulikaa hivyo hivyo, tukipima kama Ross anafurahisha kama Stevo. Mtu anayeomboleza hafurahishi. Mashabiki waliochanga pesa walikuwa wamelipia sherehe na wakapelekwa matangani, na si ajabu walitoka wakilalamika kuhusu mavazi.

Bado sisemi ni filamu nzuri. Ingekuwa nzuri ingejua yenyewe inafanya nini. Bob anasimulia kwa mzaha mwanzo hadi mwisho, kama mchekeshaji aliyepewa muda mrefu mno, na marehemu mwenye mzaha tupu hamfariji mtu. Mara moja tu ningependa aseme kwamba ana uchungu wa kutomwona huyu mtoto akitembea. Hasemi. Au alisema mvua ikamzidi.

Na kuna Stevo. Hayupo. Lillard hakurudi, na hilo ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila shabiki duniani: mtamtengenezaje SLC Punk bila Stevo? Wao wanamtaka kwa maneno yake, kwa ile hasira ya kuchekesha, kwa sababu yeye ndiye ujana wao. Sisi pia tulimtafuta usiku kucha, lakini nadhani tulimtafuta kwa deni. Ni yeye aliyemkuta Bob asubuhi ile. Ni yeye aliyemkumbatia na kulia mpaka sauti ikakatika, na ndio uigizaji bora wa Lillard niliouona, chumba chote kilinyamaza, hata mvua. Alinyoa kichwa. Kwa hesabu ya Dani aliyenyoa amekubali kuwa jamaa. Basi mtoto wa Bob anakua, anafika umri wa kuendesha gari, anapotea njiani kuelekea tamasha, na kati ya wanaomtafuta rafiki mkubwa wa baba yake hayumo. Wakili wa Harvard. Pesa anazo. Harvard tungemsamehe, ila kutofika kwa Trish hata mara moja na mfuko wa sukari ni kosa ambalo Merendino hakuliona kabisa, aliliacha kama pengo la mwigizaji tu.

Mheshimiwa, ambaye jina hilo nimeacha kumwita, alikuwa ameondoka kabla ya mwisho. Tulidhani amechukia. Siku mbili baadaye akaniambia alikuwa na safari asubuhi, kule alikozikwa rafiki yake. Huwa anaenda kila mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Kuna mtoto wa kike wa miaka mitatu.

Taa zilipowashwa jamaa wa boda alikuwa bado anabisha kwamba stering ni Bob, mwenye projekta anasema ni Ross, mtu wa tatu anasema ni mama. Dani alikuwa anatafuta viatu vyake. Akauliza yule wa kwanza, mwenye nywele za bluu, kama bado yuko hai. Mjukuu akamwambia ndiyo, mwigizaji yupo, anafanya filamu zingine.

"Basi si mumpigie," alisema.

Mvua ilikuwa haijaisha. Tulingoja mpaka saa saba usiku ndipo boda zikakubali kutoka.